Makala Yako Isiende kwa Butura

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, Muleba, mkoani Kagera, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia katikati ya Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na tarehe 18 ya mwezi huo shule ikafungwa. Wasichana wakarudishwa makwao, na hali ile ikaibuka Nshamba, ambako watu 217 walihesabiwa. Wenyeji waliiita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Mwaka uliofuata madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika ripoti yao katika jarida la tiba.

Ripoti hiyo moja imewalisha watu wengi. Ukitafuta habari za kicheko cha Tanganyika kwa Kiingereza, unakutana na makala juu ya makala, nyingi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuvuka hata daraja la Kyaka, na kila moja imezungukwa na matangazo ya mikopo na viatu. Nyingi zinakosea. Zinasema watu walicheka miezi mfululizo bila kupumzika, wakati ripoti inaeleza vipindi vya saa chache hadi siku 16, vyenye kilio na kukimbia ovyo ndani yake. Wasichana wale walikuwa na umri kati ya miaka 12 na 18. Walio hai leo ni bibi zetu wa miaka sabini na kitu na themanini na kitu. Mwandishi aliyeko Ohio hawezi kuwafikia. Wewe uliyeko Muleba unaweza kwenda kwa bodaboda ukarudi kabla ya chakula cha mchana.

Nimeanzia Kashasha kwa sababu swali ninaloulizwa sana na walimu wa huku, manesi, na vijana waliomaliza kidato cha sita wakakaa nyumbani ni hili: je, kweli mtu anaweza kuandika makala mara moja, akaiweka kwenye tovuti inayogawana mapato na waandishi, ikamlipa mwaka hadi mwaka? Ndiyo, inawezekana. Ila pesa ni ndogo kuliko unavyoambiwa, inachelewa kuliko unavyotarajia, na inategemea jambo ambalo wauza semina za pesa za mtandaoni hawaligusi: makala ikishatoka mkononi mwako, ni ya nani?

Utaratibu wenyewe si mgumu. Tovuti inachapisha makala yako na kuweka matangazo pembeni. Mtangazaji analipa, tovuti inachukua fungu lake, wewe unapewa lako. HubPages, iliyoanza mwaka 2006, ilijitangaza kwa kumpa mwandishi asilimia 60. Ukiwa na blogu yako mwenyewe na kuweka matangazo ya Google kupitia AdSense, unabaki na takribani asilimia 68 ya kinacholipwa. YouTube, kwa anayependa kusoma makala yake kwa sauti mbele ya kamera, inamwachia asilimia 55. Medium haina matangazo; tangu 2017 inagawa sehemu ya ada za wasomaji wake wanaolipia, kwa kuangalia mambo kama muda waliokaa kwenye maandishi yako.

Asilimia hizo zinapendeza mpaka uulize ni asilimia ya nini. Chukua kalamu tupige hesabu ya kukisia. Tuseme una makala 40, na kila moja inasomwa na watu 10 kwa siku. Hiyo si haba, wengi hawafiki hapo mwaka wa kwanza. Ni kurasa 400 kwa siku, 12,000 kwa mwezi. Tuseme wasomaji wako wengi wako Tanzania, ambako watangazaji hawalipi sana, na kila kurasa 1,000 zinakuletea nusu dola. Mwezi mzima umepata dola 6, kama shilingi 15,000 hivi. AdSense haitumi pesa mpaka zifike dola 100. Utangoja karibu miezi 17 kuona malipo ya kwanza, na benki itakata chake. Kama wasomaji walewale wangekuwa Ulaya na Marekani na kila kurasa 1,000 zikaleta dola 5, ungepata dola 60 kwa mwezi. Kazi ni ileile, tofauti iko kwa msomaji na mahali alipo. Nusu dola na dola 5 nimeziweka mimi ili hesabu ionekane, wewe weka zako ukishaziona. Lakini ifanye hesabu hii kabla hujaacha kazi ya kufundisha.

Kulikuwa na kipindi, kati ya 2006 na 2011 hivi, kazi hii ililipa vizuri Marekani. Watu walikaa nyumbani wakiandika namna ya kusafisha zulia au kulea paka, na hundi zikaja. Tovuti ya Associated Content, iliyoanzishwa 2005, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2010 kwa takribani dola milioni 100. Kisha Februari 2011 Google ikabadilisha namna ya kupanga matokeo yake, mabadiliko yaliyopewa jina la Panda, na tovuti zilizojaa makala nyepesi zikaporomoka kwa siku chache. Yahoo ikaifunga ile yake mwaka 2014. Mwaka huohuo Helium ikafungwa, na Squidoo ya Seth Godin ikamezwa na HubPages. Bubblews, iliyokuja kwa kishindo 2012 ikilipa kwa kila mtu aliyefungua ukurasa, ilikufa 2015 ikiacha malalamiko ya waandishi ambao hawakulipwa. Huku kwetu Afrika, Opera News Hub ilipoingia Nigeria na Kenya mwaka 2020, vijana wengi wakakimbilia vichwa vya habari vya kushtua, kwa sababu kilicholipwa ni kubofya wala si ukweli.

Historia hiyo naitaja kwa sababu ya yale yaliyobaki mikononi mwa waandishi tovuti zilipokufa. Aliyekuwa na nakala zake na haki zake alizihamishia kwingine. Aliyekuwa ameuza haki zote, au aliyeandika moja kwa moja ndani ya tovuti bila kuhifadhi kitu, alibaki kusimulia.

Hapo ndipo ninapoikumbuka butura. Kwa msomaji asiye wa Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mchuuzi anakuja Februari wakati ada ya shule inadaiwa, anakupa pesa kidogo, na mavuno yakifika anakuja na magunia kuchukua kahawa ambayo wewe uliipalilia. Serikali imeipiga marufuku miaka na miaka na bado inarudi, kwa kuwa ada haingoji kahawa ikomae. Tovuti inayokulipa mara moja na kuchukua haki zote daima inafanya biashara hiyohiyo.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaani. Rudi kwenye hesabu yetu. Kila makala kati ya zile 40 inasomwa mara 300 kwa mwezi, kwa hiyo inakuletea senti 15 za dola. Mtu akikupa dola 20 taslimu kwa makala hiyo, utahitaji miezi 133 kuzifikia kwa senti 15. Ni miaka 11. Ukikataa dola 20 hizo kwa sababu umesoma mahali kwamba kipato cha kudumu ni bora, umejipunja. Ubaya wa butura ni kwamba mnunuzi anaijua bei na wewe huijui, na shida imekubana usiweze kuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kugawa makala mafungu mawili. Makala ambayo mtu yeyote popote angeweza kuiandika, kama faida za kunywa maji au namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, ukipata wa kuinunua kwa bei inayoeleweka, iuze, lipa deni la dukani, usiiangalie tena. Makala ambayo wewe peke yako unaweza kuiandika na, la muhimu zaidi, wewe peke yako unaweza kuihuisha kila mwaka, usiiuze jumla. Mpe mwenye tovuti ruhusa ya kuichapisha, ruhusa isiyo ya kipekee, ukibaki na haki ya kuiweka kwenye blogu yako, kuiingiza katika kitabu, kuisoma redioni. Kabla ya kubofya "nakubali", tafuta katika masharti sehemu inayozungumzia haki na leseni. Ukikuta wanataka haki ya kipekee, ya milele, isiyoweza kurudishwa, jua umeletewa magunia. Kwa sheria yetu ya hakimiliki, Namba 7 ya 1999, makala ni yako tangu unapoiandika, na ulinzi wake unaendelea miaka 50 baada ya kufa kwako. Watoto wako wanaweza kuirithi kama wanavyorithi kibanja, isipokuwa umeitoa mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye simu.

Sasa, makala gani ni ya kwako peke yako? Huku Kagera tumejaliwa, shida ni kwamba hatuoni kama ni bidhaa.

Chukua mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu uliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza Muleba, mwaka 2006. Mkulima ambaye migomba yake inanyauka leo asubuhi hatafuti "changamoto za kilimo cha ndizi nchini". Anaandika kwenye simu: majani ya mgomba yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zina rangi ya kahawia. Makala inayofaa inaanza na maneno hayo hayo. Inamwonyesha picha ya shina lililokatwa likitoa ute wa njano, picha uliyopiga mwenyewe. Inamwambia aondoe ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kwa sababu kisu hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Akate shina lililougua chini kabisa. Na apitishe panga kwenye moto au dawa ya kutakasa kabla ya kuligusa shina jingine. Kisha mtafute mtafiti wa TARI Maruku aisome kabla hujaichapisha. Makala ya namna hiyo itasomwa Muleba, itasomwa Karagwe, itasomwa Kivu na Burundi kote wanakokijua Kiswahili, na itasomwa mwakani na mwaka utakaofuata. Vanila vilevile: maua yake lazima yachavushwe kwa mkono, na anayeanza anahitaji picha za kila hatua, hotuba hazimsaidii.

Senene nao. Mgeni anataka kujua msimu, wanavyonyofolewa mabawa na miguu, wanavyokaangwa, wanavyokaushwa wasiharibike njiani kwenda Dar. Mhaya aliyeko Sweden anataka kujua wanapatikanaje na bei ikoje. Msimu mkubwa unaangukia Novemba na Desemba, na Google inahitaji muda kuikubali makala mpya, basi ichapishe Septemba. Anayechapisha siku ambayo senene wameshajaa sokoni atasomwa na majirani zake.

Safari ni eneo jingine lisilochuja. Namna ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa MV Victoria, inaondoka siku gani, daraja lipi lina kitanda, unashuka wapi, bodaboda ya kwenda stendi ni bei gani. Kitabu cha wageni kilichochapwa London kinapitwa na wakati kabla hakijafika dukani. Wewe unaweza kwenda bandarini na kurekebisha nauli siku hiyohiyo. Andika juu ya makala tarehe uliyoihuisha mara ya mwisho. Msomaji anaiangalia, na mashine za kutafutia zinaiangalia pia.

Majina ndiyo yanayonishangaza kila mara. Wazazi vijana walioko mbali na nyumbani wanatafuta majina ya Kihaya na maana zake usiku na mchana. Mapacha wa kiume ni Ishengoma na Kato, wa kike ni Nyangoma na Nyakato. Mwenye jina Kemilembe amebeba amani. Orodha kamili, yenye maelezo ya lini jina hutolewa na nani hulitoa, haitachakaa miaka 20. Lakini kaa na wazee uulize. Orodha zilizonakiliwa kutoka orodha nyingine zina makosa yanayochekesha, na siku mtoto wa mtu amepewa jina la msiba kwa sababu yako hutapata pa kujificha.

Kuna historia pia: ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, ambayo hutafutwa kila mwaka inapokaribia tarehe hiyo, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuvaa kofia hiyo mwaka 1960, uyeyushaji wa chuma wa zamani kule Katuruka. Katika haya nina neno moja la tahadhari. Msiba wa watu haupaswi kuandikwa kwa kuhesabu mibofyo. Ukimhoji aliyenusurika, mweleze makala inaenda wapi na kwamba itaingiza pesa. Akikataa picha, usiiweke. Akikubali, siku malipo yanapoingia usisahau kilo ya sukari. Nesi wa hospitali ya Ndolage au Rubya asithubutu kuandika habari ya mgonjwa hata kwa kubadilisha jina. Kijiji ni kidogo, mgonjwa atajulikana kabla ya jioni. Na magonjwa ya mlipuko, kama Marburg ya Bukoba Vijijini mwaka 2023, andika yale yaliyotamkwa na Wizara ya Afya tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza taarifa za uongo, na "nilisikia" haitakuokoa mahakamani.

Lugha gani? Kiingereza kina watangazaji wanaolipa zaidi, lakini pia kina washindani wasiohesabika. Kiswahili kina washindani wachache na AdSense siku hizi inazikubali kurasa zake. Mimi ningeandika kilimo kwa Kiswahili, kwa kuwa mwenye shida ndiye msomaji. Safari na Kashasha ningeandika kwa lugha zote mbili, kila moja ikiandikwa upya kwa ajili ya msomaji wake. Na hapa niseme na ndugu zangu. Sisi Wahaya tunaoitwa nshomile, yaani wasomi, tuna ugonjwa wetu wa kutaka msomaji ajue tumesoma. Sentensi ya kwanza inakuwa na maneno makubwa matano na haina habari. Msomaji wa simu, mwenye bando la kupimia, hakusubiri. Mpe jibu katika mistari mitatu ya mwanzo, kisha ukitaka mweleze ulivyosoma.

Kuna kitu kipya kinachobana kazi hii, nacho ni majibu yanayotungwa na akili bandia. Mei 2024 Google ilianza, kule Marekani, kuweka majibu hayo juu ya matokeo yake, na msomaji aliyepata jibu hapohapo hafungui makala yako. Wengine wameitikia kwa kuziamrisha mashine hizohizo ziwaandikie makala mia kwa wiki. Machi mwaka huohuo Google ilitangaza kanuni dhidi ya makala zinazozalishwa kwa wingi namna hiyo, na tovuti nyingi zikapotea kwenye matokeo. Kilichobaki na thamani ni kile ambacho hakiwezi kubuniwa: nauli ya juzi, picha ya shina lako, bibi wa Kashasha akieleza walivyokimbia. Ndiyo maana nasema makala chache. Mbili kwa mwezi zilizochunguzwa, na siku moja kila robo mwaka ya kuhuisha za zamani, zitakufikisha mbali kuliko kuandika kila usiku mpaka uchoke mwezi wa tatu.

Tuje kwenye malipo, maana wengi hukwamia hapa wakiwa wameshaandika. Kabla ya neno la kwanza, uliza tovuti inalipa kwa njia gani. HubPages, kwa mfano, imekuwa ikilipa kwa PayPal, na akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, haipokei. Kuna vijana wanaotumia akaunti ya rafiki wa Nairobi. Siku rafiki akihama au mkikosana, pesa ni yake kisheria, na tovuti ikigundua inafunga akaunti zote mbili. Medium ina orodha ya nchi inazozilipa, ifungue kwanza. Payoneer inapokea Watanzania na inafaa zaidi kwa kazi za kulipwa kwa mkataba.

AdSense inatuma pesa moja kwa moja benki, lakini ina mlango wake wa kuingilia. Mapato yakifika dola 10, Google inakutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri kwenye anwani uliyoandika. Barua ya karatasi, waitu, mwaka huu tulio nao. Anayeandika "karibu na kanisa, Nshamba" hataipata. Tumia S.L.P. inayofanya kazi, ya shule, ya parokia au ya kazini, ukishamwomba mwenye sanduku, na mwambie mtu wa masjala ajue barua inakuja. Ukikaa miezi minne bila kuithibitisha anwani, matangazo yanaondolewa. Barua ikipotea mara kadhaa, wanaruhusu kutuma picha ya kitambulisho. Jina kwenye akaunti, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye benki liwe herufi kwa herufi lilelile. Kama benki imekuandika Rweyemamu na Google umejiita Rwey Junior, pesa itasafiri hadi Dar na kurudi ilikotoka. Waulize NMB au CRDB msimbo wao wa SWIFT na makato ya kupokea fedha za nje. Ukiona makato ni makubwa, unaweza kupandisha kiwango cha chini cha kulipwa ndani ya AdSense ili upokee mara chache kiasi kikubwa. Malipo ya mwezi hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Na usibofye matangazo yako mwenyewe, wala usiwaombe wanao wabofye "kukusaidia". Wanagundua, na akaunti ikifungwa kwa kosa hilo kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Ukitaka maoni yangu, chanzo cha kwanza cha pesa kwa mwandishi wa Bukoba hakipaswi kuwa Google. Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, akihamasishwa na Ndesanjo Macha aliyekuwa ameshatangulia na blogu ya Kiswahili, Jikomboe. Blogu ya Michuzi ilikua kwa habari za watu na matangazo yaliyowekwa na Watanzania wenyewe. Huku kwetu Bukobawadau imeonyesha kwamba watu watafuata harusi, misiba na mikutano ya nyumbani kutoka popote walipo. Makala yako ya safari ya Mwanza hadi Bukoba ikiwa na wasomaji 300 tu kwa mwezi, karibu wote wanatafuta pa kulala. Nyumba ya wageni inayolipa shilingi 20,000 kwa mwezi ili iwekwe hapo, ikiandikwa wazi kwamba ni tangazo, imeishinda AdSense ya makala zote 40. Nenda na simu yako, mwonyeshe mwenye nyumba idadi ya wasomaji, andikianeni karatasi.

Sheria usiiruke. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama za kuanza zilipita shilingi milioni mbili. Juni mwaka huo hata JamiiForums, iliyoanza 2006, ilisimama kwa muda. Kanuni ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na ada zikapunguzwa. Kwa hiyo usitegemee alichokwambia rafiki aliyefungua blogu zamani. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, ukiwaeleza waziwazi unaandika nini: habari na siasa zina masharti yake, kilimo na mapishi ni jambo jingine. Kodi pia: Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo wanayopewa watengeneza maudhui ya kidijitali na walipaji wa hapa nchini. Kinachotoka nje ni mapato kama mapato mengine. Kiandike daftarini, na ukiwa na TIN mazungumzo na TRA huwa mafupi.

Kuhusu wizi, utaibiwa. Makala nzuri ya Kiswahili inanakiliwa na blogu nyingine ndani ya wiki, wakati mwingine na makosa yako ya chapa yakiwemo. Weka jina lako juu ya picha, hifadhi rasimu zenye tarehe, na tumia fomu ya Google ya kuomba nakala zilizoibwa ziondolewe kwenye matokeo; inafanya kazi ukiwa na uthibitisho. Kwa makala nzito au mkusanyiko, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi.

Na tovuti yoyote inayokutaka ulipe kiingilio ndipo uandike, au inayokulipa kwa kuleta wenzako, ikimbie. Waliochanga katika upatu wa DECI kabla serikali haijaufunga mwaka 2009 wanalijua somo hilo, na waliolipia LBL ili walipwe kwa kutazama matangazo walijifunza upya mwaka 2025. Ndugu yao wa karibu ni kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Inalipa, tena haraka, lakini hakuna makala inayobaki na jina lako, na unauza udanganyifu.

Mwisho ni mambo ya nyumbani. Umeme wetu tunaujua. Andika rasimu kwenye programu inayofanya kazi bila intaneti, hamisha nakala kwenye flashi na kwenye barua pepe kila Jumapili. Akaunti yako ya Google imefungwa kwenye namba ya simu, na laini isiyotumika muda mrefu hufutwa na kupewa mtu mwingine, ambaye ndiye atapokea namba zako za siri. Kwa hiyo laini hiyo iwekee vocha hata kama una nyingine unayoipenda zaidi. Chapisha zile namba za akiba ambazo Google hutoa kwa ajili ya siku simu ikipotea, ziweke pamoja na hati ya kibanja, na mwambie mke au mume wako ziko wapi, akaunti ni ya benki gani, na makala zipi zina mkataba na nani.